Uzi: Kwa nini protini sita za kinga zitegemee kipande kimoja cha kipokezi?

#1 Kipimo_Mbarara
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja.

Nasoma mambo ya kinga ya mwili kwa ajili ya mtihani na kuna jambo linanikera. Seli nyeupe hupashana habari kwa protini ndogo zinazoitwa sitokini. Kila sitokini ina kipokezi chake juu ya utando wa seli, sawa. Lakini IL-2, IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21 (IL ni interleukini, aina ya sitokini), zote sita, vipokezi vyao vina kipande kilekile, mnyororo wa gama. Kikiharibika hicho kimoja, zote sita zinanyamaza.

Mimi nasema huu ni uzembe wa maumbile. Na jeni yenyewe imekaa kwenye kromosomu X, ambayo sisi wanaume tunayo moja tu, haina spea. Ikiharibika, mtoto wa kiume anazaliwa bila seli T (zinazoongoza kinga) na bila seli NK (zinazoua seli zilizoambukizwa). Seli B, za kutengeneza kingamwili, anazo, ila hazina wa kuziamsha. Anayebisha alete hoja.

#2 BodaYaNtinda
Nimesoma mara mbili, nimeelewa "habari za jioni". Naweka kambi hapa hapa, wenye akili wakianza kugombana nitaelewa zaidi.

#3 Mpiga_Darubini
Kipimo, uzembe ni wako wa kusoma sura moja. Maumbile hayabuni, yanarithi. Hapo zamani palikuwa na sitokini moja na kipokezi kimoja. Jeni ya sitokini ikajinakili, nakala zikaanza kutofautiana, kila moja ikapata kazi yake. Kipande cha kipokezi kilichokuwa kinafanya kazi vizuri hakikuwa na sababu ya kubadilika, kikaendelea kuhudumia ukoo mzima.

Ushahidi upo. Angalia kromosomu ya 5, mkono mrefu, eneo la 31. Jeni za IL-3, IL-4, IL-5, IL-13 na GM-CSF (nayo ni sitokini) zimepangana hapo jirani kwa jirani. Ndugu hao. Na tatu kati yao, yaani IL-3, IL-5 na GM-CSF, zina kipande chao kingine cha pamoja kabisa, mnyororo wa beta, hauhusiani na gama yako. Kwa hiyo si ajali ya mara moja, ni tabia ya ukoo.

#4 Kijana_wa_Wandegeya
Mimi naona ni suala la mgao. Pale kwetu maduka manne yanatumia jenereta moja. Wa saluni akiwasha draya, taa za wa fotokopi zinafifia. Hajakosana na mtu, ameshavuta umeme tu. Seli nayo ina gama chache. IL-7 ikizishika, IL-2 inabaki na makombo. Hivyo seli haihitaji bosi wa kuamua isikilize nani, uhaba wenyewe unaamua.

#5 Mama_Twaha_Jinja
Kijana, na mafuta ya hiyo jenereta ananunua nani? Maana kwetu hapo ndipo ugomvi unapoanza.

#6 Kijana_wa_Wandegeya
@Mama_Twaha swali zuri kuliko unavyodhani. Mafuta ni JAK3. Gama yenyewe haina uwezo wa kuwasha chochote, imeshikilia kimeng'enya JAK3 kwa ndani. Kile kipande cha pili, ambacho kwa kawaida ni maalumu kwa sitokini yake, kinashikilia JAK1. Vipande viwili vikikutanishwa na sitokini, JAK hizo zinawashana, zinaamsha protini iitwayo STAT, na STAT inaingia kwenye kiini kuwasha jeni. Ndiyo maana mtu mwenye gama nzima lakini JAK3 mbovu anaugua ugonjwa uleule, seli zilezile zinakosekana.

#7 Dkt_Mtoro
Tuwekeane historia kidogo, maana imejibu nusu ya swali.

Gama ilipatikana 1992 katika maabara ya Sugamura huko Japani, ikitafutwa kama kipande cha tatu cha kipokezi cha IL-2. Hakuna aliyewaza kuwa ni ya pamoja. Mwaka uliofuata kundi la Warren Leonard kule Marekani likaonyesha kwamba watoto wa kiume wanaozaliwa bila kinga wana hitilafu kwenye jeni hiyohiyo. Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Panya waliokuwa wameondolewa IL-2 tangu 1991 walikuwa na seli T. Ikiwa gama ni ya IL-2 peke yake, mbona kukosa gama ni kubaya kuliko kukosa IL-2 yenyewe? Jibu pekee lilikuwa kwamba inafanya kazi kwingine pia, na 1993 hiyohiyo ikaonekana kwenye kipokezi cha IL-4 na cha IL-7.

Mgonjwa maarufu wa hali hii ni David Vetter wa Texas, aliyezaliwa 1971 na kuishi ndani ya chumba cha plastiki. Kaka yake alikuwa ametangulia kufa mchanga. David alipandikizwa uboho wa dada yake, na ndani ya uboho huo mlikuwa na virusi vya Epstein-Barr vilivyojificha. Vikamletea saratani, akafa 1984. Virusi hivyo viligunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa watoto uliosafirishwa kwa ndege kutoka hapa kwetu Uganda kwenda London, ule uvimbe aliouchunguza daktari Burkitt pale hospitali ya Mulago. Dunia ndogo.

#8 BodaYaNtinda
Hiyo ya Mulago sikuijua. Sasa nimeanza kuelewa.

#9 Sista_wa_Bwera
Nyinyi mnajenga jenereta, mimi nina mtoto kichwani. Sitaji kituo wala familia.

Mvulana. Alizaliwa na uzito mzuri, akachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, kama wenzake. Kile kidonda cha chanjo tunakijua, kinatunga usaha kidogo, kinakauka, kinaacha kovu. Chake kiligoma kukauka. Kilipanuka, kingo zikajikunja, kikawa kinatoa majimaji yanayogandisha fulana kwenye mkono, mpaka mama akawa anailowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu ndipo amvue. Kwapa la upande uleule likavimba hata mkono ukawa haulali ubavuni. Mdomoni utando mweupe, unausafisha asubuhi, jioni umerudi. Kuharisha kusikokatika. Damu ya kisigino kwenye karatasi ilirudi haina virusi vya UKIMWI.

Kwenye kadi tuliandika utapiamlo. Akapelekwa hospitali kubwa, akafia huko kabla ya miezi sita. Nilipokwenda msibani ndipo bibi aliponiambia kwamba wajomba wawili wa mtoto, ndugu wa mama yake, nao walikufa wachanga. Kijijini wanasema ni mambo ya ukoo. Je, ndiyo hii ya Kipimo?

#10 Mama_Twaha_Jinja
Bambi. Pole musawo.

#11 Dkt_Mtoro
Pole sana musawo. Kwa unavyoeleza inafanana mno. BCG ni bakteria hai waliopunguzwa makali. Mtoto mwenye seli T anawazingira pale mkononi wanaishia hapo. Asiyekuwa nazo, wanatembea mwili mzima. Na wajomba upande wa mama ndiyo alama ya kromosomu X: wanawake wanabeba, wavulana wanaugua.

#12 Kizibo_cha_Gulu
Daktari, usikimbilie X. Kuna mlango mwingine wa pamoja ambao uzi huu haujaugusa.

IL-12 na IL-23 ni ndugu pia, tena hao wameshirikiana pande zote mbili. Sitokini zenyewe zina kipande kimoja cha pamoja, p40. Na vipokezi vyao vina kipande kimoja cha pamoja, beta-1 ya IL-12. Mtoto asiye na beta-1 ana seli T, ana seli NK, ukimpima damu utasema mzima. Lakini hawezi kutoa gama-intaferoni (sitokini nyingine, siyo ule mnyororo wa gama) ya kutosha kuamsha makrofeji, seli zinazomeza vijidudu, kwa hiyo BCG inamshinda, na salmonela inamshinda. Utando wa mdomoni nao anaupata, kwa sababu bila IL-23 ile kinga ya kuvu inayopitia IL-17 inapwaya. Hali hii ilielezwa 1998. Inampata msichana sawa na mvulana.

Wajomba? Miaka ile surua na malaria vilibeba watoto wangapi?

#13 Mpiga_Darubini
@Kizibo hoja nzuri, ila ya beta-1 kwa kawaida haiui haraka hivyo, wengi wanakua mpaka utu uzima wakisumbuliwa na tezi na salmonela. Kuharisha, kudhoofu na kufa kabla ya miezi sita, mimi namfuata Mtoro.

#14 Kizibo_cha_Gulu
Na mimi sijasema siyo. Nimesema hakuna aliyehesabu seli za yule mtoto, kwa hiyo tunabashiri wote.

#15 Kipimo_Mbarara
Mnaona sasa? Hoja yangu imesimama. Kipande kimoja kikivunjika, mtoto anakufa. Huo ni usanifu mbovu. Gama ni kibarua wa mabosi sita.

#16 Ntungamo_hadi_London
Kipimo, na mabosi wenyewe huwajui. IL-4 ina vipokezi viwili. Kwenye seli za damu inatumia kipande chake cha alfa pamoja na gama. Lakini kwenye ngozi, mapafu na utumbo, alfa hiyohiyo inaungana na kipande cha IL-13, gama haimo kabisa. Kwa hiyo si kweli kwamba gama ikiharibika IL-4 inanyamaza yote. Inanyamaza kwenye limfosaiti (seli T, B na NK) tu.

Nalijua hili kwa ngozi yangu mwenyewe. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, huku ughaibuni nikaandikiwa dupilumabu. Ni kingamwili inayoziba alfa ya IL-4, na kwa kuwa IL-13 nayo inaipitia alfa hiyo, zinazimwa mbili kwa sindano moja. Viwiko vilivyokuwa vinapasuka vikalainika. Macho ndiyo yakawa mekundu, yanawasha, nikaambiwa ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo. Kwa hiyo wewe unaita ubovu, watengeneza dawa wanaita fursa.

#17 Kipimo_Mbarara
Basi tano na nusu. Bado ni ubovu.

#18 Mzee_wa_Arua
Vijana, nawasalimu. Kiswahili chenu kimenyooka, siyo kile tulichofundishwa kwa kelele na viboko. Nimewahi kukaa maabara ya kituo cha afya ufukweni mwa Ziwa Albert, kwa hiyo nitasema la minyoo.

Ukiweka slaidi ya damu ya mvuvi chini ya darubini, eosinofili, seli nyeupe za kupambana na minyoo, zinakusalimia kabla hujazungusha skrubu vizuri. Chembe nyekundu-chungwa zimejaa ndani, kiini kimegawanyika vipande viwili. Wazungu waliotutembelea walikuwa wanashangaa idadi, sisi tulikuwa tunashangaa mtu asiyekuwa nazo, maana kichocho pale ni cha kila nyumba. Sasa anayeziita eosinofili hizo ni IL-5. Na IL-5 inatumia beta aliyoitaja Mpiga Darubini kule juu, pamoja na IL-3 na GM-CSF.

Hapo ndipo maelezo ya mgao yanaponipa shida. Zote tatu zinapitia beta moja na karibu zinatoa agizo lilelile ndani ya seli. Lakini IL-5 inaamsha eosinofili, GM-CSF inalea makrofeji wa mapafu. Tofauti haiko kwenye beta, iko kwenye alfa: ni seli gani imevaa alfa ipi. Ya IL-5 imevaliwa hasa na eosinofili. Kipande cha pamoja ni cha kufikisha, cha pekee ni cha kuchagua anayefikishiwa. Kwa hiyo hakuna msongamano wowote kama seli haivai alfa zote kwa wakati mmoja.

#19 Kijana_wa_Wandegeya
Mzee shikamoo. Lakini seli T inavaa nyingi kwa wakati mmoja, ya IL-7, ya IL-4, ya IL-21. Na imeonekana kwamba kipokezi cha IL-7 huikumbatia gama hata kabla IL-7 haijafika, vingine vikabanwa. Huo ni mgao, hata kama kwa eosinofili haupo.

#20 Mzee_wa_Arua
Marahaba. Inawezekana T ni ya mjini, ina shida za mjini.

#21 Mjukuu_wa_Masaka
Samahani naingia na jambo la pembeni kidogo. Marehemu babu alikuwa na madoa meusi miguuni, yamevimba, kabla UKIMWI haujajulikana. Alifariki kwa uzee tu. Miaka ya baadaye nikiwa chuo ndipo nilipojua ile ni saratani ya Kaposi, na kwamba Uganda ilikuwa nayo kwa wazee kitambo sana. Kirusi chake kilitambuliwa 1994. Swali: nimesoma kuwa kirusi hicho kina IL-6 yake mwenyewe. Kirusi kinahitaji sitokini ya nini?

#22 Mpiga_Darubini
Siyo pembeni, umeleta nyama.

IL-6 yetu ni ya ukoo wa tatu, ule unaotumia kipande kingine cha pamoja cha kipokezi, gp130. Humo wamo IL-6, IL-11, LIF, onkostatini M na wengine. Kwa kawaida IL-6 lazima ishikwe kwanza na kipokezi chake cha alfa, ndipo wote wawili waikamate gp130. Alfa hiyo haiko kwenye kila seli, kwa hiyo seli nyingi haziisikii IL-6 moja kwa moja. Kirusi cha Kaposi kimeiba jeni ya IL-6 na kuirekebisha: ya kwake inaishika gp130 moja kwa moja bila kumpitia alfa. Na gp130 iko karibu kila mahali mwilini. Kwa hiyo kirusi kinasukuma seli kuishi na kuzaliana bila kuomba kibali.

#23 Kipimo_Mbarara
Asante! Yaani kipande cha pamoja ni mlango wa nyuma wa wezi. Nilisema mimi.

#24 Dkt_Mtoro
Geuza upande wa pili. Ikiwa kila sitokini ingekuwa na kipokezi chake chote, kirusi kingeiga kimoja na kupata kimoja. Kweli hapo umefunga bao. Lakini pia panya wakiondolewa gp130 wanafia tumboni, wakiondolewa IL-6 peke yake wanazaliwa na kuishi. Maana yake kirusi kimeegemea kitu ambacho mwili hauwezi kukiacha wala kukibadilisha ovyo. Je, gp130 ilibaki vilevile kwa sababu ni muhimu, au ikawa muhimu kwa sababu ilibaki? Sijaona aliyejibu hilo nikaridhika.

#25 Mama_Twaha_Jinja
Mimi nauliza la kawaida. Dada yangu yuko kwenye ARV, CD4 zake, ambazo ni seli T, zinapanda polepole. Hiyo IL-2 si inazalisha seli T? Kwa nini wasimchome nayo?

#26 Dkt_Mtoro
Ilijaribiwa, mama, tena kwa maelfu ya watu katika nchi nyingi. Majaribio mawili makubwa, ESPRIT na SILCAAT, matokeo yakatoka 2009. CD4 zilipanda kweli. Lakini waliochomwa hawakuugua kidogo kuliko wengine wala hawakufa kidogo kuliko wengine. Dada aendelee na vidonge vyake, kupanda polepole ni kupanda.

#27 Kizibo_cha_Gulu
Na hilo linavunja hadithi ya "IL-2 ni mbolea ya seli T" (samahani Kijana, sijagusa jenereta). IL-2 na IL-15 zinashirikiana si gama tu, na beta pia (beta ya IL-2, siyo ile ya IL-5). Vipande viwili vilevile, STAT5 ileile. Kwa hesabu ya kwenye karatasi zingefanya kazi moja. Lakini panya asiye na IL-2 anaugua kwa kinga kushambulia mwili wenyewe, kwa sababu seli T za kutuliza zimekosekana. Asiye na IL-15 anakosa seli NK na zile seli T za kumbukumbu zinazoua. Vipande vilevile, matokeo mbalimbali. Nani ana maelezo?

#28 Mpiga_Darubini
Alfa tena. Ya IL-2 inakaa kwenye seli ileile inayopokea, na ikiwepo mshiko unakuwa mkali mara mia hivi kuliko beta na gama peke yake. Ya IL-15 inakaa kwa jirani: seli nyingine inaishika IL-15 na kumnyooshea mwenzake. Kwa hiyo IL-2 inaelea, IL-15 inakabidhiwa mkononi.

#29 Ntungamo_hadi_London
Au ni muda. Ishara fupi kali na ishara ndefu ya chini si agizo moja, hata kama STAT ni ileile.

#30 Kizibo_cha_Gulu
Yote mawili yananishawishi kwa siku moja moja.

#31 Sista_wa_Bwera
Nimerudi. Yule mama ana mimba tena, ya pili tangu msiba. Nimfanyeje? Tukimngoja azae, sindano ya BCG inachomwa kabla hajatoka wodini.

#32 Dkt_Mtoro
Aandikwe kwenye kadi ya kliniki sasa hivi: mtoto aliyetangulia alifariki, inashukiwa BCG kusambaa na upungufu wa kinga. Kwa mtoto anayeshukiwa hivyo chanjo hai hazitolewi mpaka achunguzwe, kwa hiyo BCG isubiri daktari wa watoto aamue. Akizaliwa, damu ya kawaida tu, ile ya kuhesabu chembe. Tazama limfosaiti. Kwa mtoto mchanga zikiwa chini ya 2,500 kwa mikrolita usilale. Picha ya kifua nayo, uangalie kama kivuli cha tezi ya thaimasi, panapokomaa seli T, kipo.

Ikiwa ni gama kweli na mama ni mbebaji, mvulana ana nusu kwa nusu. Msichana hataugua.

#33 Kizibo_cha_Gulu
Ikiwa ni gama. Ikiwa ni JAK3 au beta-1, msichana naye yumo hatarini, moja kwa nne. Na hesabu ya limfosaiti ikiwa nzuri isikutulize kabisa, musawo, watoto hawa seli B wanazo zinajaza namba, na wa beta-1 namba zake ni za kawaida. Kwa hiyo BCG isubiri, awe mvulana au awe msichana.

#34 Dkt_Mtoro
Hapo nakubaliana na Kizibo. Tiba ipo, kupandikizwa uboho mapema kabla maambukizi hayajaanza. Wafaransa walijaribu pia kurekebisha jeni ya gama kuanzia 1999, watoto wakapata kinga, kisha baadhi wakapata saratani ya damu kwa sababu kirusi kilichobeba jeni kilitua mahali pabaya. Njia hizo zimeboreshwa tangu hapo. Lakini kwanza ajulikane.

#35 Sista_wa_Bwera
Asanteni. Kliniki ya wajawazito ni Alhamisi, nitamwita pembeni, asisikie mama mkwe. Wanamsema tayari.

#36 BodaYaNtinda
Sista, kama ni wa kusafirishwa Kampala na nauli inakwama, niandikie pembeni. Kutoka stendi hadi Mulago nambeba bure.

#37 Kipimo_Mbarara
Mtihani ni Jumatatu na nimebaki na majibu manne: urithi, mgao, alfa, muda. Mhadhiri anataka moja. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeitetea IL-9.

#38 Mzee_wa_Arua
IL-9 inaamsha seli masti na kamasi ya utumbo minyoo ikiingia. Andika yote manne, kijana, halafu umwulize mhadhiri yeye anachagua lipi.